Nani Alikusifu?

Mzee Rangel alipita uani kwetu na gazeti kwapani, akavua kofia mbele ya baba yangu na kusema, "Habari za asubuhi, Velko. Mungu akupe siku njema." Kisha akaingia chooni kwetu na kuufunga mlango wa mbao polepole, kwa adabu ya mtu anayeingia kanisani. Baba alikuwa barazani anatoa mbegu za pilipili. Alingoja mpaka komeo liingie, ndipo akatema mate kwenye maua.

"Umemsikia?" akaniambia. "Ananitakia siku njema. Hata akija kujisaidia kwangu ananistahi."

Kiangazi kile Rangel hakuwa na choo. Ushirika wa mashamba ulikuwa umevunjwa, kila mtu karudishiwa kipande cha babu yake, na yeye karudishiwa bustani ya plamu iliyo nyuma ya nyumba yake. Kwa furaha akabomoa choo cha zamani, akaanza kuchimba kipya katikati ya miti, mahali penye kivuli na upepo, maana alipenda kusoma humo. Alipofika kina cha kiuno udongo ukawa mwekundu. Akaongeza sururu, ardhi ikaitika kwa sauti ya kitu kilicho wazi ndani, na Rangel akazama hadi makwapani. Jioni ile kijiji chetu chote cha Garnevo kilikuwa na hakika kwamba amepata dhahabu iliyofukiwa na Waturuki zamani. Watu ambao hawakuwa wamemjulia hali tangu Pasaka walikuja kumjulia hali, na kila mmoja alikuwa na gunia.

Haikuwa dhahabu. Mwenyekiti wa kijiji alipiga simu mjini, akaja Daktari Bilyana wa makumbusho, mwanamke mwembamba mwenye kofia ya majani na sauti kubwa kuliko mwili wake. Alishuka shimoni na brashi yake, akakaa humo tangu chai ya asubuhi hadi mchana, na alipotoka alikuwa mwekundu mpaka kope. Akasema ni tanuri la vyungu, la karne ya kumi na tatu, na kwamba kuanzia saa hiyo hakuna mtu wa kugusa hata jiwe.

"Na choo changu?" Rangel akauliza.

"Utachimba kwingine, mzee."

"Kwingine wapi, Daktari? Hapa ni ukuta, pale ni kisima, na kule ni mama mkwe."

Ndiyo maana akawa anakuja kwetu. Na kila alipokuja alimsalimu baba vizuri, na baba akazidi kuumia.

Asiye wa Garnevo ataona baba alikuwa mzee mkorofi tu. Alikuwa mkorofi, sikatai. Lakini kwetu mfinyanzi hasifiwi siku ya kuwasha moto. Sifa huita jicho baya, na jicho hupasua. Siku hiyo majirani huja uani kukutukana. Wanakuombea vyungu vyako vyote vipasuke, mkeo apikie kwenye kofia, wajukuu zako wanywe maziwa kwa viganja. Wewe unawajibu midomo yao ndiyo ianze kupasuka, halafu unawasha. Tusi la jirani likishaingia motoni hugeuka baraka. La mtu wa nyumbani halifai. Hilo hubaki tusi mpaka mwisho, kwa hiyo wa nyumbani hunyamaza na kubeba kuni. Sikuwahi kuuliza kwa nini. Ndivyo tulivyozaliwa tukakuta.

Na kwa matusi hayo hakuna aliyemfikia Rangel. Watu walitoka kijiji cha pili kuja kumsikiliza. Nakumbuka nikiwa msichana, alisimama mbele ya tanuri letu, mikono kiunoni, akasema, "Velko, unajua kwa nini Mungu alimfinyanga Adamu? Alikuona wewe ukifinyanga, akasema, hebu na mimi nijaribu, siwezi kuharibu kumshinda huyu." Baba alicheka mpaka njiti za kiberiti zikamwanguka. Moto ule haukupasua hata kikombe.

Halafu nikamleta mchumba wangu, Emil.

Emil nilimpata Ruse, mjini, ambako alikuwa fundi wa meno ya bandia. Mama yake alikuwa amemfundisha kwamba ukiingia nyumba ya watu unatafuta kitu kizuri na kukitaja. Mimi nilikuwa nimemweleza mambo mengi kuhusu baba, asivute sigara mbele yake, asikatae kinywaji, asimshinde kwenye karata. La matusi nililisahau. Kwangu lilikuwa la kawaida mno, kama kumwambia mtu kwetu tunakula kwa kijiko.

Alifika siku baba amepanga vyungu vya maharage vya sikukuu ya Mtakatifu Petka, kila nyumba ameiahidi chungu chake. Majirani walikuwa tayari uani, Rangel anakohoa kusafisha koo. Emil akaingia langoni, akavua kofia, akatazama vile vyungu vilivyopangwa, akasema kwa moyo wake wote, "Mzee, sijapata kuona vyungu vizuri kama hivi. Mungu aibariki mikono yako."

Mwanamke mmoja alitema mate mara tatu kifuani kufukuza jicho. Rangel alijaribu kuokoa jahazi kwa tusi moja zito sana, lakini lilikuwa limechelewa. Baba aliwasha kwa sababu alikuwa ameahidi.

Tulipofungua, vilikuwa vimepasuka toka mdomo hadi kitako, na vingine vimegandana kwa rangi iliyoyeyuka. Kuni zilikuwa mbichi, mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na baba aliharakisha. Mimi nilijua, na yeye alijua. Lakini kujua hakumpi mtu usingizi. Alivitoa kimoja kimoja, akavirundika nyuma ya banda la mbuzi, na tangu siku ile hakumwita Emil kwa jina. Alimwita mgeni. "Mgeni amekula?" "Mwambie mgeni afunge lango." Tulifunga ndoa, akabaki mgeni. Mambo ya nchi yalipobadilika na karakana ya Ruse ikafungwa, tukahamia chumba cha juu kwa baba. Emil akafungua kazi ndani ya banda la mbuzi, nusu ya kijiji ikawa inatafuna kwa meno yake, Rangel akiwemo, na bado alikuwa mgeni.

Hata hivyo si Emil aliyemfanya baba aache kazi. Ni huruma ya watu. Majira ya kuchipua yaliyofuata moto ule alipanga tena vyungu, majirani wakaja, wakasimama, wakatazama viatu vyao. Nani angemwambia "vipasuke" mtu ambaye vyake vilipasuka kweli? Rangel, mwenye kinywa kile, alivua kofia akasema, "Mungu akusaidie, Velko." Baba akavitoa vyungu vibichi tanurini, akavitumbukiza kwenye pipa la maji vikarudi kuwa matope. Mle tanurini akaweka vitunguu.

Basi sasa unaona nilichokuwa nakiona mimi, Rangel akipita na gazeti lake na salamu zake kila asubuhi. Nilikuwa nampoteza baba yangu angali hai, na aliyekuwa anamwua ni jirani mwema kuliko wote. Nilitamani kumshika Rangel kola nimwambie, mzee, hebu mtukane kidogo. Lakini tusi la kuombwa nalo si tusi.

Kwenye bustani ya plamu kazi iliendelea. Kijiji kizima kilikwenda kutazama isipokuwa baba. "Tanuri ninalo," alisema. "Lina vitunguu."

Siku moja Daktari Bilyana alikuja, naye kwa shida ile ile ya Rangel, maana watu wake wote walikuwa wanatumia choo chetu. Alipotoka akanikuta naanika nguo.

"Dada Nevena," akasema, "baba yako si mfinyanzi? Mwambie aje aone. Lile tanuri halijawahi kupakuliwa."

"Halijawahi kupakuliwa vipi?"

"Vyungu vyake bado vimo. Karibu vyote. Vimeharibika vibaya, moto ulizidi upande mmoja. Mwenyewe alifungua, akaona, akaacha hivyo hivyo."

Nilimkuta baba anasuka vitunguu. Nilimwambia neno kwa neno. Hakuinua kichwa, ila mikono ilisimama. Akauliza, "Vyote?"

"Karibu vyote, amesema."

Akavaa koti la kanisani, kwenye jua lile, akatoka. Nikamfuata, na Emil akatufuata kwa mbali, meno ya mtu bado mkononi.

Lilikuwa tanuri la duara, refu kwenda chini, kuta zake nyekundu zimeiva mpaka zinang'aa. Juu ya sakafu yenye matundu, mabakuli yalikuwa yamelaliana, ya kijani na ya manjano, yamekunjana midomo, mengine yameshikana kwa ile rangi ya kioo iliyokwenda maji. Bakuli moja lilikuwa limechorwa ndege. Ndege alikuwa mzuri, ila bakuli lilikuwa limejipinda hata ndege akawa anaonekana amelewa.

Baba alipiga magoti ukingoni. Tuliona mgongo wake tu. Bilyana aliwanyamazisha watu wake. Nilidhani analia, nikaanza kwenda, kisha nikamsikia anasema kule chini, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mwenzake wa kazi:

"Na wewe, ndugu yangu? Nani alikusifu?"

Mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akalazimika kukaa kitako kwenye udongo na koti lake la kanisani, akijifuta macho kwa kofia, na kila akitaka kuacha alimwona yule ndege mlevi akaanza upya. Sisi sote tukaambukizwa, na Bilyana, bila kujua tunacheka nini, akacheka kutushinda. Sikuwa nimekisikia kicheko kile tangu Adamu wa Rangel. Nilifurahi hata nikaona aibu, nikajifanya natafuta leso.

"Bado hujaona," Bilyana akamwambia alipotulia. "Njoo huku."

Akampeleka hatua chache pembeni, ambako walikuwa wamefunua ukingo wa tanuri jingine. Hilo lilijengwa baadaye kidogo, alieleza, na huenda na mtu yule yule, maana mkono wa kazi ni mmoja. Akamwagia ukuta maji kutoka kwenye chupa yake ya kunywa. Udongo ulipolowa, ndani ya ukuta yakatokea magae, ya kijani na ya manjano, yamepangwa kwa tabaka.

"Mabakuli yaliyomharibikia," akasema. "Mengine aliyavunja, akajengea tanuri jipya."

Baba aliweka kidole kwenye gae moja, akakiacha hapo.

Kesho yake alivitoa vitunguu. Hakutangaza neno. Alikwenda nyuma ya banda la mbuzi, kwenye lile rundo la vyungu vilivyopasuka, akaanza kuvivunja kwa nyundo. Akakanda udongo, akachanganya magae, akaziba nyufa zote za tanuri letu. Majani yalipoanza kugeuka rangi alikuwa gurudumuni kutwa nzima, anapiga mluzi, hana habari na chakula. Sikukuu ya Mtakatifu Petka ilikuwa inakaribia. Kila nyumba chungu chake, alisema, kama alivyoahidi.

Emil naye alikuwa na lake. Nilikuwa nikipita bandani namsikia ananong'ona, nikadhani anagombana na meno. Mwishowe nikamsimamisha.

"Najifunza kutukana," akakiri. Masikio yalikuwa mekundu. "Mimi ndiye niliyeharibu, Nevena. Siku ya moto nitamtukana mimi."

"Wa nyumbani hatukani. Unajua."

"Mimi si wa nyumbani. Baba yako mwenyewe anasema mimi mgeni. Basi naruhusiwa."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililonichoma. Baba akilipokea tusi lake na kuwasha moto kwa tusi hilo, litakuwa limekwisha, mume wangu ni mgeni hadi kaburini, tena kwa ushahidi wa kijiji kizima. Na asipotukana yeye, atatukana nani? Rangel alikuwa bado anavua kofia.

Siku ikafika, na tazama balaa lililotupata. Habari za tanuri la kale zilikuwa zimefika mjini. Walikuja watu wa makumbusho, akaja mpiga picha, mwenyekiti wa kijiji akavaa tai. Majirani nao, kwa kuona wageni, walivaa nguo za sikukuu na adabu za sikukuu. Hakuna aliyetaka kuonekana mshenzi kwenye picha. Walisimama uani wametulia, wanatabasamu, na baba amechutama mbele ya mdomo wa tanuri, kiberiti mkononi.

Mwenyekiti akatoa hotuba. Nikasali akwame, hakukwama. Alimwita baba fahari ya kijiji. Alisema mikono yake ni ya dhahabu, vyungu vyake havina mfano, Mungu amzidishie. Kila neno niliona linaingia tanurini na kukaa juu ya chungu. Yule mwanamke wa siku ile alitema mate kifuani mpaka akakaukiwa. Watu wa mjini wakapiga makofi.

Baba akakirudisha kiberiti mfukoni.

Alifanya hivyo bila haraka, akaweka mikono magotini, akasubiri. Sisi wa Garnevo wote tulielewa anasubiri nini. Nilimtazama Rangel. Rangel alikuwa anaizungusha kofia yake vidoleni, midomo inamcheza, lakini macho yalikuwa kwenye mabaki ya lile rundo la magae nyuma ya banda, na nikajua hawezi. Bado alikuwa anamhurumia rafiki yake.

Ndipo Emil akasogea mbele. Alikuwa mweupe kama chokaa. Akajaza kifua pumzi, akasema kwa lafudhi yake ya mjini, "Wewe Velko, vyungu vyako..."

"Nyamaza, Emil," baba akasema.

Hakugeuka. Alisema kwa sauti ya kawaida, ile ya mtu anayeomba chumvi mezani.

"Wa nyumbani hatukani. Hujafundishwa?"

Nilimwona Emil anajaribu kuielewa sentensi ile, anaanza na jina lake, anarudi mwanzo. Kisha kidevu kikaanza kumcheza, akatazama juu, kwenye paa, kana kwamba kuna vigae vya kuhesabu. Mimi sikutazama paa. Mimi nililia waziwazi, na leso sikuitafuta.

Ndipo kikasikika kicheko, kicheko kibaya cha mzee mwenye meno yasiyo yake. Rangel alikuwa amevaa kofia. Aliisukuma nyuma ya kichwa, akaweka mikono kiunoni, akaja hadi mbele ya wageni wa mjini.

"Velko," akasema, "kiangazi kizima nimekaa chooni kwako. Nimekaa nikatafakari. Na leo nakwambia mbele ya watu hawa walioelimika, lile shimo ndicho chombo pekee ulichowahi kutengeneza kisichovuja. Vingine vyote vipasuke."

Mpiga picha alidondosha kifuniko cha kamera. Baba akageuka taratibu, na uso wake, jamani, ningeweza kuula.

"Yapasuke kwanza hayo meno yako," akajibu, "ambayo aliyekutengenezea ni wa kwangu."

Hapo bwawa likabomoka. Mmoja alimwombea apike supu kwenye soksi. Mwingine alisema vyungu vitanuka vitunguu mpaka kiama. Yule mwanamke wa mate alimtakia awe anakula kwenye ganda la yai, na kuku ajue. Hata mwenyekiti, baada ya kusukumwa kiwiko na mkewe, alilegeza tai na kusema la kwake, si zuri sana, ila lilipokelewa. Daktari Bilyana aliuliza kama na yeye anaruhusiwa, akaambiwa ndiyo, akapiga kelele kwa ile sauti yake kwamba baada ya miaka mia nane wenzake watayafukua magae ya Velko na kuyatupa. Alishangiliwa kuliko Rangel.

Vingine vilipasuka, maana hakuna moto usiopasua kitu. Mfinyanzi hulia gaeni, na sikukuu ile sisi tulikula maharage kwenye vyungu vyenye nyufa, na kila nyumba ya Garnevo ikala kwenye kizima. Rangel alikuja kukichukua chake mwenyewe. Alikigonga kwa ukucha, kikaita, akakisogeza karibu na sikio na kusema kinatoa sauti ya paka. Baadaye alichimba choo chake upande wa mama mkwe, lakini asubuhi aliendelea kuja kwetu na gazeti, akidai kule upepo ni mbaya.

Lakini nilikuwa naeleza kuhusu ule moto. Baba aliwasha njiti moja, akaikinga kwa kiganja, majani makavu yakashika, na moshi ukaanza kutoka juu ya tanuri na harufu kidogo ya kitunguu. Ua ulikuwa umejaa kelele. Emil alikuwa bado amesimama palepale, mikono inaning'inia, hajui aiweke wapi. Baba akamtazama kutoka kule chini alikochutama.

"Mbona umesimama hapo kama mgeni?" akamwambia. "Lete kuni."